Barabara ya Ekalakala Si Uwanja wa Mbio

Ukifika Ekalakala jioni ya siku ya soko, simama kando ya barabara ujionee. Vijana wawili watatu wa bodaboda hujipanga, mmoja hupiga mluzi, na mara vumbi hufunika mbuzi, watoto na akina mama wenye vikapu. Watu hushangilia. Nami nimewahi kushangilia, sikatai, mpaka siku moja kijana mmoja aliposhindwa na kona akamgonga mzee aliyeketi nje ya duka. Mzee huyo anatembelea mkongojo hadi leo.

Lakini lawama tusiwatupie vijana peke yao. Ni sisi wazazi tuliowaonyesha kwamba barabara ya watu ni mahali pa mashindano. Tangu mwaka 1953 mbio za Safari zilipita katika barabara zilizo wazi, kati ya malori na ng'ombe, nasi tukajazana ukingoni kumngojea Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, au Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5. Timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele ya gari ili dereva aonywe kama kuna mifugo njiani. Kijana wa bodaboda ana helikopta gani? Hata Safari yenyewe, iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, ilikimbizwa katika njia zilizofungwa.

Watu hudhani uwanja wa mbio ni lami. La hasha! Uwanja ni kile kilicho kando ya njia. Chombo kikishindwa na kona huteleza kwenda upande wa nje, basi upande huo huachwa nafasi tupu, yenye mchanga au kokoto za kupunguza mwendo. Kisha hupangwa matairi makuukuu yaliyofungwa pamoja, na nyuma yake tuta refu la udongo. Mtazamaji hukaa nyuma ya tuta, wala hasimami kamwe nje ya kona. Huko Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, tuta lilikuwapo lakini nafasi haikuwapo. Gari lililigonga, vipande vyake vikaruka katika umati, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Siombi tujengewe uwanja kama ule wa Monza. Jijini Nairobi, pale Jamhuri, pikipiki hushindana katika uwanja wa udongo mtupu. Nasi udongo tunao tele. Katapila likija kuchimba silanga, lifanye kazi siku mbili zaidi, lituchongee njia ya mzunguko na matuta yake. Siku za kazi vijana wafundishwe hapo kufunga breki penye changarawe, jambo ambalo wengi wao hawakufundishwa na mtu.

Nilipomweleza jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, aliniuliza mbuzi watalishwa wapi. Nikamjibu kwamba mbio ni Jumamosi alasiri tu, na nyasi za katikati ni zake wiki nzima. Akasema atafikiri.