CHETI CHA UONGO, JASHO LA KWELI



Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ianze uzalishaji, mwaka 2000 na 2001, vijana wetu wanajua kwamba langoni huulizwa cheti kwanza. Walaghai nao wanajua. Hukodi chumba, hubandika kibao, huahidi cheti cha udereva wa mitambo kwa majuma mawili, kisha hutoweka na fedha ambazo mzazi alizipata kwa kuuza pamba au ng'ombe.

Cheti hicho kikikataliwa, familia imefilisika na kijana ameaibika. Kikikubaliwa, ni hatari zaidi: asiyejua mtambo hukabidhiwa uhai wa wenzake walio shimoni.

Mwaka 2017, uhakiki wa Serikali uliwaumbua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Aliyekishika cheti alipoteza kazi. Je, aliyekitengeneza na kukiuza?

Tunawasihi viongozi wa jumuiya na halmashauri za walei: kabla ada haijalipwa, namba ya usajili wa chuo iulizwe na kuhakikiwa NACTVET, na risiti idaiwe. Aliyetapeliwa asichekwe, asindikizwe polisi akatoe taarifa, ili wengine wapone. Naye aliyenunua cheti kwa kujua atambue kwamba amempora nafasi jirani aliyesoma kwa jasho. Huo ni wizi, hata ukipigwa mhuri.

Kijana anayetafuta kazi hana kosa. Tusimwache peke yake mikononi mwa wauza karatasi.