CHUNGU HUPASUKA KABLA YA MOTO

Mwezi huu tuyaache mahindi kidogo. Tuzungumze habari za ufinyanzi.

Mama mfinyanzi amefanya kazi wiki mbili. Amechimba udongo, ameukanda, amefinyanga vyungu kumi. Siku ya kuchoma, mlio unasikika motoni: pa! Kisha tena: pa! Vyungu vinne vimekwisha, na fedha za daftari za watoto zimekwenda navyo. Majirani watasema kuna mtu mwenye jicho baya amepita karibu. Sivyo. Vyungu vile viliharibika kabla ya kuingia motoni.

Sababu kubwa ni maji. Chungu huweza kuonekana kikavu kwa nje, kumbe ndani kina unyevu. Moto ukiwa mkali, maji yale hugeuka mvuke. Mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji. Ukikosa pa kutokea, huupasua udongo. Umeona mfuniko wa sufuria unavyorukaruka maji yakichemka? Nguvu ni ile ile.

Basi, usikaushe chungu kwa haraka. Kiweke kivulini, mahali pasipo na upepo mwingi. Ukikianika juani, upande mmoja hukauka na kusinyaa, na upande wa pili bado ni mbichi. Hapo ndipo ufa huanza, mwembamba kama unywele. Wakati wa masika ongeza siku. Kabla ya kuchoma, gusisha chungu shavuni. Ukisikia baridi, bado kina maji. Kikiwa kikavu, kipashe joto kwanza kando ya moto mdogo.

Udongo nao uangalie. Udongo unaonata sana husinyaa sana. Kwa hiyo wafinyanzi huuchanganya na mchanga, au na vigae vilivyotwangwa. Usitupe vigae vyako! Ondoa mizizi na vijiwe, hasa vijiwe vya chokaa. Chokaa ikishachomwa hunyonya unyevu na kuvimba, ikabandua ukuta wa chungu hata siku kadhaa baadaye. Na shimo ulilochimba udongo lifukie. Likijaa maji huzaa mbu.

Katika kufinyanga, viringisha udongo uwe kama kamba. Zungusha kamba juu ya kamba, ukibonyeza maungio mpaka mstari usionekane. Unene uwe sawa pande zote. Gurudumu si lazima. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, nao hufinyanga, na vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema.

Vijana wengine huidharau kazi hii, husema ni ya bibi zao. Mimi sikubali. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma Uingereza. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, nchini Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Huko alijifunza kwa wafinyanzi wanawake, akiwamo Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20. Odundo hujenga vyungu vyake kwa mikono, bila gurudumu, akavisugua mpaka ving'ae. Moto wenye hewa ya kutosha huvifanya vyekundu. Moto ulionyimwa hewa huvifanya vyeusi. Vyungu vyake vimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Turudi kwenye moto wetu. Ukimaliza kuchoma, usivitoe vyungu vikiwa vya moto, maana upepo wa baridi nao hupasua. Ngoja jivu lipoe. Kisha gonga kila chungu kwa kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti nzito, ya kufa. Hicho usikiuze kama cha kupikia. Kitumie kuhifadhia mbegu za maharage zilizochanganywa na jivu, na mdomo uufunike vizuri.