Mradi wa Shule Si Kazi ya Manamba

MACHI 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Jina lake tulikaririshwa darasani, kisha tukapewa majembe. Yaliyomo ndani hatukuambiwa.

Mwalimu hakutaka mwanafunzi awe kibarua. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, kuhesabu mapato na kuona wenyewe faida ya jasho lao na hasara ya uzembe wao. Kupanga, kuhesabu, kuamua: hilo ndilo lilikuwa somo. Jembe lilikuwa kifaa tu.

Watekelezaji wakabakiza jembe, wakafuta somo. Ni shule ngapi ambako wanafunzi walilima, wakavuna, magunia yakapakiwa, na hakuna aliyewasomea hesabu? Aliyeuliza aliitwa mkorofi. Wazee wa Uha wanaijua kazi ya namna hiyo. Enzi za mkoloni walisombwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Nao hawakuulizwa lolote.

Sasa tuitazame Muyama, kule milimani Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Mwanafunzi wa milimani hahitaji mtaalamu kutoka Dodoma amwambie kwamba mvua ikishuka kwa nguvu huondoka na udongo wa shamba la baba yake. Wanafunzi wa pale wakiachiwa wachague, wanaweza kupima mteremko mmoja, kukaa kikao na wenye mashamba, kuotesha miche, kuchimba makinga maji, na msimu wa pili kuwaeleza wanakijiji kipi kimefaa na kipi kimeshindwa. Humo mna jiografia, baiolojia, hesabu na uraia. Mwalimu awaongoze na kuwapa alama, lakini kazi iwe yao.

Leo Serikali ya CCM inatupigia zumari la mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, wenye mkondo wa amali sekondari. Jina zuri. Lakini tunauliza: nani atachagua mradi? Nani atashika daftari la fedha? Hesabu zitasomwa mbele ya nani?

Sisi tunasema, mambo matatu yaandikwe wazi. Wanafunzi wachague mradi pamoja na wanakijiji. Daftari la mapato na matumizi lishikwe na wanafunzi na kukaguliwa na kamati ya shule. Na hesabu zisomwe hadharani kila muhula. Bila hayo, amali itakuwa jembe lile lile lililotiwa mpini mpya.

Na wewe kijana unayesukuma mkokoteni Kariakoo, usiseme hayakuhusu. Wadogo zako wako shuleni. Ukirudi kijijini, nenda kwenye mkutano wa wazazi, simama, uliza swali moja tu: daftari liko wapi? Anayeogopa swali hilo ana lake jambo.