Kompyuta haijui saa tatu, wewe je?

Waungwana, leo nitawachosha kidogo na mambo ya kompyuta. Vumilieni, maana yanamgusa hata mkulima wa kahawa kule Rugu, Karagwe.

Mzee mmoja wa Rugu aliletewa barua pepe na ofisi moja (jina nalihifadhi). Mjukuu akamsomea kwenye simu: "Ndugu mkulima, magunia 3 yako imepokelewa. Kikao cha bei ni kesho saa 9:00." Kesho yake mzee akapanda bodaboda, akafika Kayanga saa tisa kasorobo mchana. Kikao kilishaisha tangu asubuhi! Kilikuwa cha saa tatu. Kompyuta ilitoa 09:00, mtu akabandika "saa" mbele yake. Nauli imekwenda, na kauli yake kuhusu bei haikusikika.

Nikamuuliza kijana mmoja anayetengeneza programu za namna hii. Akanijibu, "Mfumo ndivyo ulivyo, kaka." Mfumo gani? Lugha ya Python, kwa mfano, ina violezo hivi tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004. Unaandika barua moja, unaacha mapengo kama $jina na $idadi, kompyuta inajaza. Basi! Haijui ngeli wala saa zetu. Maneno yanayozunguka mapengo ameyaandika mtu.

Ugonjwa wetu ni kuchukua kiolezo cha Kiingereza na kutafsiri neno kwa neno, mapengo yakibaki pale pale. Kwa Waingereza, barua ikifika au gunia likifika, kitenzi ni kile kile. Kwetu mzigo umefika, gunia limefika, magunia yamefika, kifurushi kimefika. Pengo moja litabebaje yote hayo?

Dawa ipo. Andika sentensi nzima kwa kila hali, programu ichague. Kwenye saa, toa sita: 9 inakuwa 3, 13 inakuwa 7. Ikizidi 12, toa 12. Ikiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Kisha taja asubuhi, mchana au usiku. Hiyo si kazi ya kumshinda mtu anayelipwa mshahara.

Mtasema, "Wataelewa tu." Huyu mzee nyumbani anaongea Kinyambo. Amejifunza Kiswahili ili aelewane na ofisi, nanyi ofisi mnamwandikia Kiswahili kibovu! Tena kosa la kiolezo si kosa moja. Wakitumiwa watu elfu, ni makosa elfu.

Naomba kutoa hoja.