Vita Visiwe Kisingizio cha Kufunga Bunge

Wako watu wasemao kwamba nchi ikiingia vitani, hasa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ya Bunge imekwisha. Huo, wasema, si wakati wa hotuba bali ni wakati wa risasi. Basi wabunge na warudi makwao, na mamlaka yote yawekwe mkononi mwa mtu mmoja. Hoja yao huipamba kwa methali, kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Nakusihi, msomaji, usiikubali hoja hiyo kabla ya kuipima, kwa kuwa mataifa mengi yamepotezewa uhuru kwa maneno ya namna hiyo. Na tuipime kwa mfano wa Bunge la 37 la Marekani, ambalo muda wake ulianza Machi 1861 ukaisha Machi 1863.

Kama Bunge lolote lilikuwa na udhuru wa kufungwa, lilikuwa hilo. Majimbo 11 ya kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa. Mji mkuu, Washington, ulitenganishwa na jimbo la maadui, Virginia, kwa mto tu. Askari walilazwa ndani ya jengo la Bunge lenyewe, ambalo kuba lake lilikuwa halijamalizika kujengwa. Wabunge wengi wa kusini waliviacha viti vyao, na tarehe 11 Julai 1861 Seneti iliwafukuza maseneta 10 kwa siku moja. Katika maseneta wote wa majimbo yaliyoasi, Andrew Johnson wa Tennessee peke yake ndiye aliyebaki. John C. Breckinridge wa Kentucky, aliyekuwa Makamu wa Rais hata Machi mwaka huo, alikwenda kulitumikia jeshi la waasi, akafukuzwa mwezi wa Desemba. Edward Baker, seneta wa Oregon, aliuawa vitani tarehe 21 Oktoba 1861. Bunge hilo lilipungukiwa, lilisalitiwa, na lilifiwa. Walakini halikufunga mlango.

Sasa tazama faida yake. Vita vilipoanza Aprili 1861, Bunge halikuwa limekutana, na Rais Abraham Lincoln alitenda mambo mazito peke yake. Aliongeza majeshi, na akaruhusu watu wafungwe bila kufikishwa mbele ya hakimu. Lakini Rais huyohuyo aliliita Bunge likutane tarehe 4 Julai 1861, akaleta maelezo ya matendo yake, akaomba fedha na askari. Je, mtawala asiye na Bunge angemweleza nani? Mtu huogopa kutenda lile ambalo kesho ataulizwa habari zake.

Fauka ya hayo, Bunge hilo halikujishughulisha na bunduki tu. Tarehe 16 Aprili 1862 lilikomesha utumwa katika wilaya ya mji mkuu. Mwezi wa Mei likatunga sheria ya kumpa raia ekari 160 za ardhi, kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Mwezi wa Julai likatunga sheria ya njia ya reli ya kufika bahari ya Pasifiki, na nyingine iliyotoa ardhi ili vyuo vya kilimo na ufundi vipate fedha. Reli hiyo iliungana mwaka 1869, na vyuo vile vinafundisha hata leo. Taifa linalopigania uhai wake halina budi kujua litaishije vita vikiisha, na jemadari hawezi kulijibia hilo.

Mpinzani wangu atasema: "Sheria hizo zilipita kwa urahisi kwa kuwa wapinzani walikuwa wameondoka." Kuna ukweli katika neno hilo. Mswada wa vyuo ulikataliwa na Rais James Buchanan mwaka 1859, na wa ardhi mwaka 1860. Lakini si kweli kwamba Bunge lilibaki na sauti moja. Clement Vallandigham, mbunge wa Ohio, aliipinga vita waziwazi, na alikaa katika kiti chake mpaka muda wa Bunge ulipokwisha. Askari walimkamata Mei 1863, alipokuwa si mbunge tena. Na vita vikiendelea, mwaka 1862 wananchi walipiga kura, na chama cha Rais kikapoteza viti vingi. Hakuna aliyeahirisha uchaguzi kwa sababu ya mizinga.

La hasha, sisemi kwamba Bunge hilo lilikuwa la malaika. Lilipowakomboa watumwa wa mji mkuu, liliwalipa mabwana hata dola 300 kwa mtumwa mmoja, bali mtumwa mwenyewe hakulipwa jasho lake. Lilipotunga sheria ya kuandikisha askari, Machi 1863, lilimruhusu mwenye dola 300 azitoe akae nyumbani, na maskini aende akafe. Kamati yake ya kuchunguza vita ilimtilia shaka Jenerali Charles Stone, naye akafungwa siku 189 bila mashtaka. Na ardhi ile iliyogawanywa haikuwa tupu: ilikuwa ya wenyeji. Mwaka huohuo wa 1862, watu wa Dakota wa Minnesota walicheleweshewa malipo waliyoahidiwa kwa ardhi yao, wakashikwa na njaa, wakapigana. Na tarehe 26 Desemba watu 38 miongoni mwao walinyongwa kwa siku moja. Wao hawakuwa na mbunge hata mmoja.

Hayo ni makosa makubwa, wala siyafichi. Lakini angalia yanafundisha nini. Hakuna hata moja lililotokea kwa sababu Bunge lilikuwa wazi. Yalitokea kwa sababu maskini, mtumwa na mwenyeji hawakuwa na mtu wa kuwasemea ndani yake. Basi dawa ya Bunge lenye upungufu si kulifunga, ni kuupanua mlango wake. Nyumba ikivuja paa, mwenye akili huiezeka, haichomi moto.

Turudi kwenye methali ya wapinzani wetu. Naam, chombo kina nahodha mmoja, wala Bunge halitaki kushika usukani. Lakini chombo kina wenyewe, waliotoa mali kukijenga na ambao watoto wao ndio wanaovuta makasia. Hao wana haki ya kuuliza: twaenda wapi, kwa gharama gani, na nani anatoswa baharini? Dhoruba haiiondoi haki hiyo. Ndiyo inayoifanya iwe ya lazima.

Wewe kijana, kesho utapiga kura, na huenda ukachaguliwa. Ukimsikia mtu anasema kwamba hatari ya nchi ni kubwa mno hata watu wasiulize neno, mjue. Anaogopa maswali kuliko anavyomwogopa adui.