Mashauri ya Nyumbani: Taa za Motokaa Zilizoingia Ukungu

Mwezi huu shauri letu ni juu ya taa za mbele za motokaa, ambazo mwenyewe huzipita kila asubuhi wala asitambue kwamba zimefanya utando, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Motokaa nyingi katika nchi zetu huletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa, na jua la huku huuendeleza uharibifu uliokwisha kuanza.

Wala jambo hili si la uzuri wa chombo tu. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Na kando ya njia zetu, jua likisha kutua, wapo wanafunzi, akina mama wenye mizigo, na wapanda baiskeli wasio na taa. Dereva asipomwona mtu mapema, breki njema hazitamfaa.

Yafaa kwanza kujua asili ya ubaya huu. Zamani taa zilifunikwa kwa kioo hasa, nacho hakigeuki rangi. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wengi walianza kutumia plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki upesi. Lakini plastiki hii hudhuriwa na miale ya jua ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Kwa hiyo kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga. Ngozi hiyo ikiliwa na jua na mchanga, plastiki hugeuka manjano na kuingia ukungu. Mwaka 2018 chama cha wenye motokaa cha Marekani, AAA, kilizipima taa za namna hiyo, kikaona kwamba hutoa kadiri ya asilimia 20 tu ya nuru ya taa mpya. Zikisafishwa vema, hurudi hadi asilimia 70 hivi.

Basi kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio dogo. Mwagia taa maji safi. Ikiwa yaonekana angavu ingali na maji, na ikikauka ukungu warudi, jua kwamba ubaya uko nje, nao waweza kuondolewa. Lakini kama haibadiliki, au imepasuka, au waona matone ya maji ndani, kusugua hakutafaa kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, osha taa kwa maji na sabuni, kisha bandika karatasi ya gundi kuizunguka, ili rangi ya motokaa isikwaruzwe. Pili, sugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, ukitia maji daima. Usiuache msasa wa kwanza mpaka maji yatiririkayo yasiwe ya manjano tena. Wala usishtuke taa ikiwa nyeupe kama maziwa, maana ndivyo inavyopasa. Tatu, ing'arishe kwa dawa ya kung'arishia rangi ya motokaa na kitambaa laini. Nne, ikiisha kukauka, ipake vanishi angavu yenye kinga ya urujuanimno, iliyotengenezwa kwa ajili ya taa.

Hilo la nne ndilo watu wengi huliacha, nalo ndilo kubwa. Fundi wa kando ya njia aweza kukung'arishia taa kwa dakika chache, ukaenda zako umefurahi. Kumbe amekwisha kuondoa hata mabaki ya ngozi ile ya kiwandani, na plastiki imebaki uchi juani. Baada ya miezi michache manjano hurudi. Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, muulize: "Ukiisha kusugua, utapaka nini?" Akikosa jibu, tafuta mwingine. Dawa ya meno nayo hung'arisha kwa muda tu. Na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, ambayo wengine huisifu, mara nyingi huula uso wa plastiki yenyewe.

Alazimikaye kununua taa nyingine na aichungulie nje juani, si ndani ya duka lenye giza, maana taa iliyotumika yaweza kuwa imeng'arishwa jana ili iuzwe leo. Akiisha kuifunga, fundi aupime mwelekeo wake, kwa kuwa taa iliyoinuka mno humpofusha ajaye mbele.

Nanyi walimu, mnaosafiri na watoto katika motokaa za shule, zitazameni taa kabla ya kuondoka, mkaseme na dereva kwa upole. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msasa na vanishi ni gharama ndogo kuliko taa mpya, na taa mpya ni gharama ndogo kuliko uhai wa mtu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena juu ya vitanda vya wagonjwa viinukavyo kichwani na miguuni.