Kimeng'enya cha Kichupani: Madai Matano na Majibu Yake

Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba. Ndani mna matone machache ya maji yasiyo na rangi, na kwenye lebo pameandikwa G6PD ya binadamu, kwa utafiti tu. G6PD ni kimeng'enya kinachotumia sukari kuigeuza NADP ya seli kuwa NADPH, na seli nyekundu ya damu ikikosa NADPH haina ngao dhidi ya sumu za oksijeni. Mwaka 1956 watafiti wa Chicago walieleza kwamba watu ambao damu yao ilivunjika baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria, walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Kwa hiyo habari yake inatuhusu sisi tunaoishi na malaria, na madai yanayokizunguka yanastahili majibu.

Dai la kwanza: "Kimekamuliwa kwenye damu ya watu." Zamani ndivyo ilivyokuwa, kilisafishwa kutoka kwenye seli nyekundu. Siku hizi jeni ya binadamu hunakiliwa, ikapachikwa kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA, kisha ikaingizwa ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli. Bakteria hao hulishwa mpaka wakazaana, halafu huchochewa waisome jeni hiyo na kuunda protini. Mwisho hupasuliwa. Mara nyingi protini huwa imeongezewa mkia wa histidini sita unaonasa kwenye nikeli, kwa hiyo nyingine zinaposuuzwa yenyewe hubaki. Hapo hapana hata tone la damu ya mtu. Kilicho cha binadamu ni mpangilio wa asidi amino zake 515.

Dai la pili: "Cha bakteria hakiwezi kuwa sawa na cha mtu." Hapa pana chembe ya ukweli. Protini kadhaa za binadamu huvishwa minyororo ya sukari, kazi ambayo E. coli wa kawaida wa maabara hawaiwezi. Lakini G6PD hukaa ndani ya seli na haitegemei vazi hilo ili ifanye kazi. Cha kuangalia ni kingine: vipande vyake lazima viungane viwili viwili au vinne vinne, na kila kipande hushika NADP ya ziada inayokiimarisha. Kimeng'enya kilichokunjwa vibaya au kilichopoteza NADP hiyo kitakupa majibu mabovu hata kama jeni yake ni sahihi kabisa.

Dai la tatu: "Chenye miligramu nyingi ndicho bora." Miligramu hupima uzito wa protini, na protini iliyokufa nayo ina uzito. Utendaji hupimwa kwa mwanga. NADPH hufyonza mwanga wa nanomita 340, NADP haifyonzi. Tuseme umechanganya sukari-fosfeti, NADP na kimeng'enya kwenye mililita moja, katika kikombe chenye upana wa sentimita moja, na spektrofotomita ikaonyesha ufyonzaji unapanda kwa 0.311 kila dakika. Gawanya kwa 6.22, yaani ufyonzaji wa milimola moja ya NADPH kwa lita, utapata milimola 0.05 za NADPH kwa lita kila dakika. Katika mililita ile moja, hiyo ni mikromola 0.05 kwa dakika, yaani yuniti 0.05. Namba ya yuniti kwa miligramu ndiyo ya kumuuliza muuzaji. Nayo hushuka ukikigandisha na kukiyeyusha mara kwa mara, kwa hiyo kigawe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza.

Dai la nne: "Tukikipima kichupani, tumemjua mgonjwa." Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kuunda protini mpya, na huishi siku 120 hivi. G6PD yake huchakaa kadiri inavyozeeka, na aina dhaifu huchakaa haraka zaidi. Damu inapovunjika, seli kuukuu ndizo hufa kwanza na changa hubaki, hivyo mtu mwenye upungufu akipimwa siku zile anaweza kuonekana mzima. Jeni yake nayo iko kwenye kromosomu X. Mwanamke aliyerithi nakala moja dhaifu huwa na seli za aina mbili ndani ya mshipa mmoja. Kichupa hakina uzee wala mchanganyiko huo.

Dai la tano: "Basi mwenye upungufu adungwe hiki." Hapana. Protini iliyomiminwa kwenye mshipa itabaki nje ya seli nyekundu, wakati kazi yake iko ndani. Watetezi wa dai hili huutaja ugonjwa wa Gaucher, unaotibiwa kwa kimeng'enya cha kudungwa. Mfano huo haufai: kule seli zinazolengwa zina vipokezi vinavyokinasa kimeng'enya na kukiingiza ndani. Juu ya hayo, bidhaa ya utafiti inaweza kubaki na sumu za bakteria zinazoleta homa kali na hata mshtuko.

Kichupa hiki hujibu vizuri swali la namna molekuli inavyofanya kazi, na jinsi badiliko moja la asidi amino linavyoidhoofisha. Swali la iwapo wewe una upungufu hujibiwa na damu yako mwenyewe. Kama uliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, mweleze daktari kabla hujapokea primakwini.